Nililala, ndipo Nikapata C ya Hesabu

Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Joto la Mishomoroni leo halina huruma, dera limenigandia mgongoni, lakini sijali. Tangu mchana nacheka peke yangu jikoni.

Nimepata C ya hesabu!

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni Mama Neema, msaidizi katika shule ya chekechea. Niliacha masomo kidato cha pili, Neema akiwa tumboni. Mwaka huu nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, maana bila cheti hicho siwezi kusomea ualimu. Nami wale watoto nataka kuwafundisha, si kuwapangusa makamasi tu.

Mtihani wa kwanza wa majaribio ulinitia aibu. Nilikuwa nakesha na vitabu, chakula changu chai ya rangi na viazi karai vya njiani. Nilipofunua karatasi, tarakimu zikaanza kucheza. Nikalaza kichwa kidogo tu, nipumzishe macho. Aliyeniamsha ni Mwalimu Kazungu, anayetufundisha sisi watu wazima pale Frere Town, akikusanya karatasi. Wino ulikuwa umejichapa shavuni mwangu. Nikapata E.

Nilirudi nyumbani nikiapa kukesha zaidi.

Baba Neema akakataa katakata. Yeye hufanya kazi ya zamu kiwandani Changamwe. "Kwetu mtu asiyelala haruhusiwi kugusa mashine," aliniambia. "Na wewe, mke wangu, mashine yako ni hicho kichwa."

Neema akamuunga mkono babake. Tangu hapo, ikifika saa tatu usiku anavikusanya vitabu vyangu na kuvifungia kabatini. Nikilalamika, anasema, "Mama, kalale. Hata vitabu vimechoka." Mtoto niliyembeba mgongoni ndiye anayenilaza!

Baba Neema naye akachukua upishi wa jioni siku asizokuwa zamuni. Mchicha wake wa nazi una chumvi utadhani ameupika kwa maji ya bahari, lakini naula wote. Asubuhi nanywa uji wa wimbi, nakula na yai. Kabla jua halijawa kali natembea na jirani yangu Mama Riziki hadi barabara kuu na kurudi, huku nikikariri kanuni za hesabu kwa sauti. Kuna mama mmoja, akidhani tunasali, alituitikia "Amina."

Nakiri, mwanzoni nililala nikiona kama najiibia muda. Kisha nikagundua jambo: niliyosoma jioni, asubuhi naamka nayo. Yamekaa! Wala sikuamini. Nilijaribu tena kesho yake, yakawa bado yapo.

Leo Mwalimu Kazungu alirudisha karatasi za majaribio ya pili. Akaniita mbele. Nikadhani nilisinzia tena bila kujijua.

"Mama Neema, safari hii umefanya nini?"

"Nimelala, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye pia. Ndipo akanikabidhi karatasi. Nikaitazama ile C, nikaigeuza karatasi nihakikishe jina ni langu.

Nyumbani nilimpa Neema aione. Akaikagua, nami nikangoja pongezi. Badala yake akaweka kidole kwenye swali la uwiano, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hili tulifundishwa shuleni, lakini mimi sikulielewa. Hebu nieleze."

Nikavuta kiti. Nilipomweleza mara ya kwanza akakunja uso. Nikaenda kuchota maharagwe kwenye ndoo, nikayagawa mafungu juu ya meza, haya yako, haya yangu, kila ukipata mawili mimi napata matatu. Akayatazama. Akayasogeza mwenyewe, polepole, midomo ikihesabu.

"Ala! Kumbe ni hivi tu?"

Ni hivi tu, mwanangu.

Jumatatu naingia kwenye mtihani wenyewe, na sijui utanipokeaje. Hofu ninayo. Lakini leo mtoto alikuja kwangu haelewi, akaondoka ameelewa.

Cheti kitanikuta nimeshaanza kazi.