Maji Chini ya Fundo Jekundu

Mama,

Sasa mimi ndiye ninayekaa mahali pako kwenye boti. Walinipa kwa sababu nilikuwa naosha chupa za sampuli pale maabara, na kwa sababu, walisema, ulikwisha kunifundisha. Sikukataa. Mjomba Malimi bado ndiye nahodha, bado ndiye anayeshika kamba, na bado anasema "rete" badala ya "lete", ila hakuna tena wa kumcheka. Siku ya kwanza alinifutia ubao wa kukalia kwa kitambaa chake, kisha akaisukuma boti majini.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya juu ya jina lako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Sijui huko mnasikiaje. Lakini kama mnasikia, nisikilize mimi kwanza.

Jambo lenyewe ni la sahani yako ya kupimia maji. Ulikuwa unaisugua nyumbani Nyakato kuliko ulivyosugua sufuria zako, zile robo nyeupe ziwe nyeupe kweli na zile nyeusi ziwe nyeusi. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakakuita Mama Sahani. Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa vizimba vya samaki, alikuwa akiiona tu anapaza sauti: "Wenzio wanapima ziwa kwa mitambo, we unapima kwa sahani ya ugali!" Nawe ukamjibu ukiwa tayari umepanda boti, "Macho yangu hayahitaji betri, mama!" Mkacheka wote. Hiyo ilikuwa kabla hamjagombana.

Na kazi yenyewe ulinifundisha hivi. Mjomba anaishusha sahani kwa kamba upande wenye kivuli. Wewe unainama juu ya maji. Unasema, "Bado... bado... bado... imepotea." Anashika kamba pale pale. Anaivuta polepole, unasema, "Hiyo hapo." Katikati ya kupotea na kuonekana ndipo unapojua maji ni maangavu kiasi gani. Na anayetazama ni mmoja tu. Mjomba akichungulia ulikuwa unamfokea, "Malimi, tazama nchi kavu! Macho yakiwa mengi yatabishana." Basi miaka yote ile mwanaume huyu alishika kamba ya ziwa akitazama milima ya mawe ya Mwanza kama mtu aliyeadhibiwa.

Siku yangu ya kwanza niliinama kama wewe. Nikasema bado. Nikasema bado. Lile fundo ulilolifunga kitambaa chekundu, pale sahani ilipokuwa ikikupotea, likaingia majini, nikasikia umesema, "Imepotea."

Nilikusikia, mama. Upande wa sikio la kushoto, na kile kikohozi chako kidogo kabla ya neno. Lakini sahani ilikuwepo. Ilikuwa chini pale, nyeupe, imetulia, inanitazama. Nikasema bado. Kamba ikasimama. Mjomba alikuwa amezoea kusimama hapo.

"Binti yangu, una uhakika?"

"Ninaiona, mjomba. Shusha."

Akashusha. Fundo jekundu likazama, nalo nikawa naliona, na sahani nikaiona chini yake, mbali, mpaka ikawa kama sarafu, ndipo ikaondoka. Tulirudia, ikawa vilevile. Na kila tuliporudia, fundo likifika majini, unasema, "Imepotea."

Nikafurahi. Nataka ujue kwamba nilianza kwa kufurahi. Nilidhani nimeelewa. Wewe ndiye uliyeripoti mwezi baada ya mwezi kwamba maji ya ghuba yetu yanazidi giza, mpaka ofisi ikawaambia akina Mama Kulwa waondoe vizimba vyao, kwa kuwa chakula cha samaki na uchafu wake vinaharibu maji. Ule mtambo wa umeme wa kupimia maji ulikuwa umekufa, ikabaki sahani, ikabaki wewe. Siku walipoviondoa Mama Kulwa alikuja mpaka mlangoni kwetu, hakuketi, akasema, "Umetuzika, Mama Sahani." Ulifunga mlango ukakaa kwenye kile kigoda mpaka uji ukaungua. Basi mimi nilipoona sahani chini ya fundo nikasema, ndiyo haya, vizimba vimeondoka, maji yametakata, mama alikuwa sahihi. Nilimwambia mkuu wetu wa maabara. Alifurahi mpaka akasimama.

Halafu tukaenda Nansio.

Unakijua kituo chetu cha kule, nje kabisa ya ghuba, upepo mtupu. Hakujawahi kuwa na kizimba hata kimoja. Niliinama, nikasikia "imepotea" yako pale ulipokuwa unaisema siku zote kule, na sahani ikawepo. Ikashuka chini ya hapo kwa kiasi kile kile. Tukaenda kituo kingine, kile kile. Kingine, kile kile. Kama ni vizimba, kule kumetakata kwa nini? Ziwa zima haliwezi kutakata kwa pamoja, wiki chache tu baada ya mtu mmoja kufa.

Nilimwambia mjomba aangalie. Alikataa. "Mama yako alinikataza."

"Mama hayupo, mjomba."

Aliegemea ukingo, akainama pole pole kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. Halafu akavua kofia. "Naiona," akasema. "Ee, naiona kabisa." Akanitazama mimi, kisha akayatazama mawe ya nchi kavu, ingawa hakuna tena aliyemlazimisha.

Tangu siku hiyo hunipi nafasi, mama. Unanijia na mambo yako ya zamani yale yale, ila sasa maana yake imegeuka. Unalalamika kwamba umeme wa siku hizi hauna nguvu, nabadilisha taa, unasema hata hii ni hafifu. Unasema vitabu vya nyimbo wanavichapa vibaya. Unachagua mawe kwenye mchele kwa vidole huku umeinua uso unanitazama mimi, na mimi nilidhani ni ufundi. Unamsalimia binti wa jirani kwa jina la dada yake. Unasema ziwa linakufa, Leti, ziwa letu linaingia giza. Ulilia siku ile. Ulilia kweli, ukiwa umevaa koti la boti, maji yanadondoka sakafuni, nami nikakufuta.

Na pale wodini, ulipokuwa umeanguka na huzungumzi tena, daktari alikumulika machoni akaniuliza, "Huyu hakuwahi kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho?" Karibu nimkasirikie. Nikamwambia, mama yangu anaona, daktari. Kazi yake ni kuona. Akaendelea na mengine yaliyokuwa makubwa zaidi siku ile.

Mtoto wa jicho. Nimelitafakari jina hilo mpaka limenichosha. Nilikuwa nadhani mtoto wako ni mimi peke yangu. Kumbe alikuwepo mwingine, anakua polepole katikati yako na ziwa, na mimi naishi naye nyumba moja wala simjui.

Ninachotaka kukuuliza hakina wa kunijibu. Ulijua? Kuna siku naamini hukujua. Mtu anayejua macho yake yanafifia hawezi kulilia ziwa vile. Halafu nakumbuka ulivyokuwa unasoma somo kanisani, kitabu kimefunguliwa mbele yako, nawe ulikuwa umekwisha kuukariri ukurasa mzima Jumamosi ukiwa unapika. Nilikusikia ukiukariri. Nilidhani ni ibada. Nikifika hapo nasimama. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma.

Nilimpelekea mkuu wetu jambo hili. Nilimweleza yote. Aliinamisha kichwa, maana alikupenda, ulimfundisha naye. Halafu akasema kwa upole sana, "Leti, mwache mama apumzike. Sisi tuseme tu kwamba maji yametakata baada ya vizimba kuondolewa. Hilo si la kumdhuru mtu, na jina lake litabaki zuri."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Usifikiri sikuyataka. Niliyataka mno. Kwa maneno hayo ungebaki mwanamke aliyeiokoa ghuba. Ningekuwa napita mwaloni na watu wananionyesha. Nililala kitandani kwako na koti lako lile, bado linanukia ziwa, nikajaribu kulisema kwa sauti: maji yametakata. Nililisema vizuri tu. Lakini kila nikimaliza naona akina mama wale wanavuta vizimba vitupu kuvipandisha ufukweni, na sasa wanauza nyanya barabara ya Magu. Uongo ule ungekuwa umefunga ghuba kwao mpaka wajukuu. Na ingekuwa imefungwa kwa macho yako, mama. Wewe uliyenitandika kwa sababu nilibahatisha kipimo cha joto la maji siku nilipokuwa mvivu wa kusubiri.

Kwa hiyo nimesema. Hilo ndilo nililolifanya.

Nilisema ofisini kwanza, kisha tukaenda mwaloni, mimi na mjomba na mkuu wetu, ambaye alikuja bila kulazimishwa. Walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nikawaambia mama alikuwa na mtoto wa jicho, na vipimo vya miaka yake ya mwisho haviwezi kutumika, na uamuzi uliotokana navyo hauna mguu wa kusimamia. Sikuwaambia maji ni masafi, maana hilo nalo hatulijui. Nikawaambia tutapima upya, vizimba vichache vikiwa majini, na kila kituo tutatazama watu wawili, na mmoja wao wanaweza kumchagua wenyewe.

Mzee mmoja akaguna, "Kwa hiyo tumefukuzwa na kipofu." Kijana mmoja akacheka. Nilijua maneno hayo yangekuja, na bado yaliniingia kama maji ya masika. Mjomba akataka kusimama, nikamshika shati.

Aliyesimama ni Mama Kulwa. Nilijiandaa kwa lolote. Hakumtazama yule mzee, alinitazama mimi.

"Alikuwa haoni?"

"Alikuwa haoni vizuri, mama. Mbali hasa."

"Tangu lini?"

"Hatujui. Miaka kadhaa."

Akakaa tena. Akajifunika mdomo kwa khanga. Alipoongea hakuwa anaongea na sisi.

"Nilikuwa nampungia," akasema. "Hata kabla ya mambo ya vizimba. Boti ikipita nampungia mkono kutoka kwenye mawe, hageuki. Kila wiki nampungia, hageuki. Nikasema huyu ameshapata kazi ya serikali, sisi wanuka samaki hataki kutuona. Ndipo na mimi nikaanza kumtukana." Akamgeukia yule mzee. "Wewe nyamaza. Kipofu ni nani hapa?"

Mama, hapo nililia mbele za watu. Sikukulilia hivyo hata siku ya kukuzika.

Wameanza kurudisha vizimba, viwili tu kwanza. Wamemchagua Mama Kulwa kutazama pamoja nami. Anainama kwa fujo, boti inayumba, mjomba anamgombeza, naye anabisha kila kipimo. Nami bado nakusikia likifika lile fundo. Sikufukuzi. Nasubiri umalize kusema, kisha nasema bado, na tunashusha kamba kwenye yale maji usiyoyaona. Si machafu kama ulivyoogopa, mama. Juzi ndani yake walipita furu, wale samaki wadogo, kundi zima, wakang'aa ubavuni wakazunguka sahani. Nilitaka kukuita.

Nimepimwa macho. Ni mazima. Nakuahidi nitapimwa kila mwaka, na siku daktari atakaposema yameanza, nitashuka kwenye boti kwa miguu yangu nikiwaambia sababu. Kama ulijua ukaogopa kushuka, nimekuelewa. Kama hukujua, pole, mama yangu. Pole kwa giza ulilolibeba ukidhani ni la ziwa.

Pumzika huko Magu. Mwezi ujao tutakuja kupalilia kaburi, mimi na Mama Kulwa, ameomba mwenyewe. Anasema hatapunga mkono tena, atakusalimia kwa sauti kuanzia barabarani. Mwitikie, mama, hata kama mimi sitasikia.

Mwanao,
Leti