Tarakimu Nyekundu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Magoti je, yamepoa? Shemeji aliniambia siku hizi unaingia bandani na fimbo, na kuku wanakukimbia wakidhani ni mgeni. Nilicheka sana, halafu nikajilaumu kwa kucheka. Sisi huku hatujambo. Binti yangu yuko darasa la nne, na mdomo wake ni wako kabisa, haupitwi na neno.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu zipo. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, Dada, nikiwa nimejipanga kusema, na mara zote mbili ukapokea kwa furaha nikaishia kukuuliza bei ya mayai. Mdomo wangu unakataa. Kwa hiyo kaa chini kwanza, usisome umesimama.

Kazi yangu unaijua. Dirisha namba tatu, malalamiko ya ankara, ofisi ya maji. Nina kiti, kompyuta, mhuri, na juu ya kichwa changu kibao kinachosema tunajali wateja wetu. Mwanzoni mwa mwaka alikuja dirishani mama mmoja wa makamo anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Ofisini tulimwita Mama Dobi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa sabuni na alibeba bahasha ya kaki iliyopigwa pasi. Nakwambia kweli, alikuwa ameipiga pasi bahasha.

Alikuja na ankara ya uniti mia moja themanini na tano za maji kwa mwezi mmoja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Mita yake ni ya zamani, ina tarakimu nne nyeusi na moja nyekundu mwishoni. Zile nyeusi ndizo uniti kamili, na ile nyekundu ni sehemu ya kumi ya uniti. Msoma mita mpya alikuwa ameziandika zote tano kwa mfululizo, bila nukta. Kwa hiyo ile mia moja themanini na tano, kwa haki, ni kumi na nane na nusu. Akaongeza kwamba ana tangi linalobeba uniti moja kamili, na kwa mwezi hulijaza mara kumi na nane hivi. Kama ankara ingekuwa ya kweli, alisema, angelijaza mara sita kila siku, na angefua saa ngapi?

Nikatazama kompyuta. Nikamwambia mita inasoma mia moja themanini na tano, na kompyuta nayo inasema mia moja themanini na tano, sasa kosa liko wapi? Nilisema kwa adabu, Dada. Sisi huwa tunakosea kwa adabu kubwa.

Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila mwezi alilipa kiasi alichokihesabu yeye, na salio likazidi kujilimbikiza. Mara ya nne nikampeleka kwa msimamizi wetu. Sisi tunamwita Bwana Hakika, maana hakuna sentensi anayoianza bila neno hilo, hata akiuliza choo kiko wapi. Bwana Hakika akamsikiliza, akakuna kidevu, akasema kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi ofisi itampunguzia sehemu moja ya kumi ya deni. Alitegemea kushukuriwa. Mama Dobi akamwambia haombi kupunguziwa sehemu moja ya kumi, anaomba kulipa sehemu moja ya kumi. Bwana Hakika akatabasamu, akasema hayo si ndiyo hayohayo? Mama akajibu kwamba akiondolewa moja, tisa zinabaki shingoni mwake, na yeye anataka hizo tisa ndizo ziondoke. Walibishana hivyo hadi chai ya msimamizi ikapoa. Akaitwa mhasibu, naye akasema kumi ni kumi tu. Tulikuwa watu watatu wenye vyeti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haya.

Ndipo yule mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Mwambie."

Dada, kichwa changu kilikuwa kimejaa pamba, kama kilivyokuwa kikijaa pamba darasani kila mwalimu alipoandika nukta ubaoni. Sikuelewa ni nani mkweli. Nikasema msimamizi yuko sahihi, mama.

Mwezi wa saba wakaenda kumkatia maji. Wiki mbili alinunua maji ya madumu, halafu nyumba za wageni zikampelekea mtu mwingine mashuka yao. Mara ya mwisho alipokuja dirishani hakubishana. Alikuwa ameuza mashine ya kufulia na pasi zote mbili. Akalipa deni lote mpaka senti ya mwisho, akaniuliza kama sasa limekwisha. Nikamjibu limekwisha. Nikagonga mhuri kwa mkono wangu huu unaokuandikia.

Haikupita wiki, binti yangu akaja na kazi ya shule, nukta na sehemu za kumi. Nikamwambia amsubiri baba yake. Akanicheka, akamenya chungwa, akahesabu vipande, vilikuwa kumi. Akala kimoja akasema hiki ni nukta moja, Mama, na ukisahau kuweka nukta umedai chungwa zima wakati umempa mtu kipande. Basi. Mtoto wa miaka kumi, chungwa moja, na halikuwa hata limekwisha kuliwa. Nikaingia bafuni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia, halafu nikakumbuka nimemfungia nani bomba lake, nikalifunga.

Asubuhi yake nikamwendea Bwana Hakika. Akaniambia hakika suala hilo limefungwa, mteja mwenyewe amelipa, na mhuri ni wangu. Nikatoka nikaenda kumtafuta Mama Dobi. Kibanda kimefungwa, kamba za kuanikia hazina kitu, mabeseni yamelazwa kifudifudi. Fundi viatu wa jirani akanielekeza kwa binti ya Mama Dobi, yule aliyeolewa. Nikamkuta mama sebuleni, ameketi kwenye kochi analolalia siku hizi, mkoba wa nguo zake uko pembeni kama wa mtu anayepita tu. Nikamwambia yote. Nilitamani anitukane, ningepumua.

Hakunitukana. "Nilijua niko sahihi," akasema. "Lakini mwezi wa sita nilianza kujitilia shaka. Nikawa nahesabu mashuka mara tatu tatu. Kujiamini kwangu ndiko mlikoniibia, fedha ni kitu kidogo."

Dada, nilipomsikia sikumwona yeye. Nilikuona wewe na trei zako za mayai, unampa mteja pochi yako ajihesabie chenji mwenyewe kwa sababu eti wewe na hesabu ni mbalimbali. Wewe ambaye ukitupia jicho kapu unajua yamepungua mayai mangapi. Miaka yote nikija likizo unaniwekea fedha mapajani, unasema hesabu wewe msomi. Na mimi nahesabu, nakosea, na wewe unanyamaza ukidhani uliyekosea ni wewe.

Sasa nisikilize. Unakumbuka baba, Mungu amrehemu, alipotuambia mfuko wake unatosha ada ya mmoja? Tulikuwa darasa moja, hakutaka kuchagua kwa moyo, akamwomba mwalimu mkuu atupe mtihani wa hesabu, maswali arobaini, na mwenye alama nyingi ndiye aendelee. Uliumaliza mapema ukatoka kwenda kumsaidia mama kuchota maji. Mwalimu akanituma nipeleke karatasi zote mbili ofisini. Majina yalikuwa ya penseli. Nilisimama nyuma ya choo cha shule, nikachukua ufutio wako, ule uliokuwa na alama ya meno yako, nikayafuta, nikayaandika upya. Jina langu nikaliweka kwenye karatasi yako, lako kwenye yangu. Hakuna aliyegundua, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuandika na mwandiko wetu ulikuwa mmoja.

Baba alisoma matokeo mezani. Thelathini na nane zangu, kumi na moja zako. Akasema basi, kila mtu na riziki yake. Wewe hukulia. Ulinikumbatia, na siku ya kuondoka ukanipigia pasi sare.

Zile thelathini na nane zilikuwa zako, Dada. Zilikuwa zako tangu siku ile na ni zako leo. Hujawahi kushindwa hesabu hata siku moja maishani mwako. Sikuombi unisamehe kwenye barua hii, maana sijui kipimo chake. Nilitaka tu ujue kabla magoti yako hayajaanza kuuma kwa uzee wa kweli, ili umri uliobaki nao uutumie bila kujitilia shaka.

Jambo moja tu nakuomba, na kama utakataa nitaelewa. Nimeiandikia ofisi kuu kudai Mama Dobi arudishiwe fedha zake, na nimekiri mhuri ni wangu. Huenda nikafukuzwa, na iwe. Wamejibu kwamba wanataka hesabu kamili ya miezi saba, alichopaswa kulipa, alicholipa, na tofauti, iwafikie kabla mwezi huu haujaisha. Nimeifanya mara tatu nikapata majibu matatu. Hapa ofisini sina wa kumwamini. Ndani ya bahasha hii kuna ankara zote saba na stakabadhi zake, mwenyewe kanikabidhi. Nifanyie hesabu hii. Usimpe shemeji, usimpe mtoto, usimwulize mtu kama umepata. Utakachoandika ndicho nitakachokipeleka, sitakihakiki.

Nisalimie shemeji na wanangu. Mwambie mdogo yule viatu vyake nimenunua, vinakuja na mzigo. Ukienda kaburini kwa mama, mpalilie kwa niaba yangu pia, ila usimwambie bado, ngoja nije nimwambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
niliyepata kumi na moja.