Nimejaza "Hapana" Fomu Nzima ya Bima ya Safari

Mshauri mpendwa wa gazeti hili,

Nina miaka sabini na minane kamili, na kabla hujaniona mzee wa kushikwa mkono nikuambie nimewazika waajiri wawili, nimeona mapaa manne ya karakana yakioza juu ya kichwa changu, na daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku sitafika sitini, jeneza lake nilitengeneza mimi, na halikuwa na mwanya wa kupitisha hata wembe. Mimi ni seremala. Shule niliacha darasa la pili, hii barua naandika kwa penseli ya kuchorea mbao, kwa hiyo naomba msaada, sikuomba masahihisho.

Jambo lenyewe ni hili. Kitinda mimba wangu yuko ng'ambo mwaka wa kumi na moja sasa, na mwezi ujao anajifungua mtoto wake wa kwanza, akanipigia simu akasema baba, sitaki kitanda cha mtoto cha dukani, njoo unitengenezee wewe, nikamwambia mwanangu hata ungekuwa mwezini ningekuja na randa yangu. Tiketi ipo. Pasipoti ipo, kwenye picha nimetoka kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku, lakini ni mimi. Kilichobaki ni bima ya safari, bila hiyo viza hawatoi.

Basi nikaenda kwa wakala wa bima, ofisi yake iko juu ya duka la fotokopi, na huyo wakala ni mtoto wa mdogo wake mke wangu. Akaniwekea karatasi mbili mezani. "Baba mkubwa, hii nafuu ni ya mtu mwenye afya, mzigo ukipotea inalipa, ukivunjika mguu inalipa, ila ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kupanda ndege haimo. Hii nyingine inabeba hata ugonjwa wa zamani, ila unautaja, na daktari anagonga muhuri."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ugonjwa nausikia kwa majirani tu."

Akacheka. "Haya, jaza hapa, mzee wa chuma."

Nikajaza hapana, hapana, hapana, mstari kwa mstari, na mwandiko ulinyooka siku hiyo kuliko siku zote.

Sasa hapa ndipo penyewe, mshauri. Mwaka jana nilianguka karakanani nikazinduka na maranda mdomoni, fundi chuma wa jirani akanipakia kwenye mkokoteni hadi zahanati, wakasema presha, na moyo nao eti unaruka mapigo, na tangu hapo nameza vidonge viwili kila asubuhi, navificha kwenye kopo la misumari ya inchi mbili, rafu ya juu. Mke wangu hajui. Mtaani wananiita Gogo, mchwa wamenijaribu wakashindwa, na yeye ndiye anayewatambia wenzake kwamba mumewe hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Nikienda kwa huyo daktari wa muhuri, wakala atajua, na wakala akijua asubuhi, mchana habari iko jikoni kwangu, na mke wangu akijua safari imekufa.

Usidhani mimi ni mtu wa uongo, uongo siupendi kabisa. Kuna mteja aliniambia mlango wake ni wa chumbani, nikampa mbao ya ndani, naye akaenda kuufunga nje kwenye mvua, ukavimba ukagoma, akarudi kudai. Nikamwambia nenda na uongo wako ukaufungie huko huko. Sikumpa hata bawaba.

Binti yangu anasema huko ukilazwa na bima ikakataa, deni ni lake hadi huyo mtoto aanze shule. Hilo ndilo linaninyima usingizi, na nyumbani nako sina raha, mwaka mzima chakula hakina chumvi, nikiuliza naambiwa ulimi wangu umezeeka. Fomu sikumwachia wakala, iko mfukoni mwa koti, Jumatatu naipeleka. Kwenda nitakwenda. Wewe niambie tu niipeleke ilivyo.

Ukiona najisifu, muulize fundi chuma wa jirani, yeye ni shahidi wa kila neno. Mke wangu usimuulize.

Gogo, seremala

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Gogo, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika.

Unataka nikubarikie fomu hiyo. Sikubarikii, na jibu umeliandika mwenyewe pale kwenye mlango. Mvua imeshakupiga, baba, na wewe unakwenda kumwambia mtu wa bima kwamba mlango ni wa chumbani. Siku utakayoanguka huko wataomba karatasi za zahanati, wataona tarehe, watasema maneno yale yale uliyomwambia mteja wako. Na hawatakuambia wewe, wewe utakuwa umelala na mipira puani. Watamwambia binti yako, amebeba kichanga, na kitanda chake kimefika nusu.

Na hili la mkeo ndilo limenichosha kabisa. Ulianguka lini? Mwaka jana. Chumvi ilipungua lini? Wewe ni mtu wa kupima, hebu pima hapo! Huyo mama anajua. Amenyamaza ili ubaki Gogo mtaani, na wewe umemlipa kwa kulalamikia mchuzi.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Kesho kabla ya chai shusha hilo kopo, liweke mezani mbele yake, na usitoe hotuba. Kisha nendeni zahanati pamoja, mkamuulize daktari kama moyo huo unaruhusiwa kupanda ndege. Akisema subiri, utasubiri, mtoto atalala na mama yake kwanza. Akisema nenda, chukua muhuri, hiyo fomu uichane, uchukue bima ile ya pili, na panapostahili ndiyo uandike ndiyo kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Mwulize wakala akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba mtu wa miaka sabini na minane anakubaliwa, maana nyingine zina kikomo cha umri. Vidonge beba mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, vya siku zote na wiki moja zaidi. Kopo la misumari liache nyumbani, watu wa uwanja wa ndege hawana utani. Randa na patasi ziende kwenye mzigo mkubwa.

Na chini ya fomu utakuta mstari wa mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Fundi chuma usimwandike, amekubeba mara moja, inatosha. Hapo andika jina la yule uliyeniambia nisimuulize.