Tone la Kuku Jichoni mwa Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu kutoka Mpwapwa, naomba msaada wako upesi maana tangu Jumamosi usingizi sina na chakula hakipiti. Mimi ni mke wa mtu, nauza kwenye duka la dawa za mifugo, haya ya watu binafsi yaliyofunguliwa siku hizi, na mama mkwe wangu, Bi Sabiha, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limeshakuwa jeupe kabisa na la kushoto ndilo linalompeleka msalani na kumrudisha. Shemeji yangu Harithi aliyeko Maskati akamletea dawa ya matone, kichupa kama kidole gumba, akasema inaondoa kutu ya jicho polepole, iwekwe penye baridi na ikifunguliwa isizidi mwezi, na mama kwa furaha akakataa kabisa habari ya kupasuliwa, anawaambia majirani, “Mwanangu hakuniletea kisu, kaniletea dawa.”

Sasa nyumbani hatuna friji, dukani lipo la kuwekea chanjo, basi nikawa naiweka humo, asubuhi na jioni napita nayo nyumbani kumtilia kisha nairudisha, na humo humo ndimo inamokaa chanjo ya kideri ya kuku, nayo ina kichupa kama hicho, nayo ni tone moja jichoni mwa kila kuku, na karatasi za majina zilibanduka kwa unyevu zamani nikasema si neno, nazijua kwa kuziona. Jumamosi nilikuwa naenda kijijini kuchanja kuku wa Mzee Mazengo, nikavifunga vichupa vyote viwili kwenye kitambaa kibichi, nikapita nyumbani nikamtilia mama, akasema leo inawasha, ndiyo inafanya kazi, nikacheka nikaondoka. Nimeshatilia kuku kama hamsini ndipo nikaona kichupa changu kinakwisha upesi mno, nikakitazama vizuri, nikakaa chini pale pale bandani. Kuku walikuwa wamepewa dawa ya mama, na mama alikuwa amechanjwa kideri.

Sikumwambia mtu. Jioni akainua uso, akalifungua jicho kwa vidole vyake mwenyewe, akasema, “Tia, mwanangu,” nami kwa kuogopa kuulizwa nikamtilia kile kichupa chake hasa, ambacho ncha yake imegusa macho ya kuku wote wale, na Jumapili nikamtilia tena. Leo Jumatatu jicho lile la kushoto ni jekundu, linatoa tongotongo za njano, mwanga unamuuma, naye anasema hiyo ni kutu inatoka. Naogopa nimempofusha mama wa watu, naogopa mume wangu atanirudisha kwetu na Harithi atasema nilikusudia. Je, nisubiri wiki moja, labda litatulia lenyewe?

M., Mpwapwa

*

M., hapana, usisubiri. Barua yako imenifikia Alhamisi na gazeti linatoka Jumapili, kwa hiyo jicho hilo limeshakungoja siku sita. Muda ulioutumia kuniandikia kwa mwandiko mzuri hivyo ungetosha kumfikisha hospitali.

Pole, nakuhurumia kweli. Kuchanganya vichupa kunaweza kumpata yeyote, ingawa muuza dawa mzima kulaza dawa ya mtu na ya kuku friji moja, tena bila majina, ni uzembe na unaujua. Lakini kumtilia mara mbili kitu ulichokitoa machoni mwa kuku, huko si kuchanganya. Huo ni woga, na anayeugharimia ni yeye.

Nimemuuliza daktari wa macho. Anasema chanjo ya kideri ikimwingia mtu jichoni, mara nyingi huleta wekundu wa siku chache tu. Kinachomtisha ni uchafu wa ile ncha, maana jicho la mzee likiuma na kutoa usaha ni la kuonwa siku hiyo hiyo. Beba vichupa vyote viwili, umweleze daktari ukweli mzima pamoja na aibu yake. Njiani usimtilie kitu, si maziwa ya mzazi, si chai ya rangi.

Dawa ya Harithi itupe daktari akishaiona. Hata ingekaa kwenye barafu, daktari anasema hajaona tone lililothibitika kuyeyusha mtoto wa jicho. Kinachomwondoa ni upasuaji, na huo ungoje jicho litulie kwanza. Harithi mwambieni kwa upole, alileta kwa mapenzi. Siku nyingine dawa ya macho iandike jina la mtu na tarehe uliyoifungua, ncha isiguse hata kope, mwezi ukipita itupe.

Mzee Mazengo naye anajua kuku wake wamechanjwa, kumbe bado. Nenda ukawachanje upya, bure. Mumeo akitaka kukasirika, akasirike jicho likiwa limeshaonwa.

Leo mama atainua tena uso na kulifungua jicho kwa vidole vyake akuambie utie. Usitie. Mwambie, “Mama, nilikosea chupa, nikaogopa kukuambia.” Kisha mshike mkono mtoke naye, maana mimi sijui kama leo bado anauona mlango.