Mkaa wa Shimo la Tatu

Jumatatu, 1 Machi 1954
Shimo la tatu, futi saba. Mgongo umekataa kazi, mimi sijakataa. Mzungu mpima miamba, kijiji kizima kinamwita Bwana Mawe, anatafuta kwa nini kilima hiki cha juu ya Mlali kiliporomoka enzi ambazo hakuna mzee anayezikumbuka. Akijua, atasema kama kitaporomoka tena. Mimi nachimba, yeye anaonja udongo. Kweli, anauweka ulimini. Nyumba ya bibi yangu iko hatua thelathini kutoka shimoni. Kwa hiyo nachimba vizuri.

Jumatano, 3 Machi
Misa ya Majivu, kisha jembe. Juu mawe yamechanganyika ovyo, kama mzigo uliomwagwa. Chini yake udongo wa kijivu, unateleza kama bamia, umejaa mikwaruzo inayoelekea bondeni. Hapo ndipo kilima kilipotelezea. Niliweka kidole kwenye mkwaruzo mmoja. Niliogopa.

Alhamisi, 4 Machi
Bwana Mawe ameokota mkaa chini kabisa ya shimo. Furaha kama ya aliyepata mtoto. Anasema watu walipika hapa kabla kilima hakijashuka, basi si zamani sana, na huenda chanzo ni kufyeka msitu. Ataandika nyumba za hapa zihamishwe. Ya bibi kwanza.
Nikaendelea kuchota udongo. Mkaa ule una ganda la muhogo. Bibi humwaga majivu ya jikoni mle kila alfajiri, siafu wasipande. Kwake shimo lililo wazi haliwezi kukaa bure.

Ijumaa, 5 Machi
Nikisema ukweli wa mkaa, bibi atabaki kwake, karibu na kaburi la mama yake. Ndicho anachotaka. Nilikuwa nimeshaamua kusema.
Jioni nikaenda kumkatia ndizi. Migomba imeinama yote upande mmoja. Nyuma yake ardhi imepasuka, mkono unaingia hadi kifundo. Wakati wa mavuno ufa huo haukuwepo.
Bibi kanitania, utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, leo ulimi umeuzika shimoni?"
Nilicheka vibaya.

Jumamosi, 6 Machi
Nimesema yote mawili. La majivu kwanza. Bwana Mawe alifuta ukurasa mzima, masikio mekundu. Kisha nikampeleka kwenye ufa. Alipiga vigingi viwili, huku na huku, tukapima katikati.

Jumanne, 9 Machi
Mvua siku mbili. Vigingi vimeachana vidole viwili zaidi. Bwana Mawe sasa anadhani hata zamani ilikuwa maji tu: yanashuka hadi kwenye udongo wa kijivu, ukishalowa haushiki kitu.
Nikamwambia bibi ahame.
"Huyo mzungu wako kala udongo wote hajashiba, sasa anataka na nyumba?"
Nikasema si yeye anayesema, bibi. Ni mimi.
Akaendelea kumenya mihogo. Akamaliza wote. "Basi ungesema wewe tangu mwanzo."
Nilitoka nje kufuta macho.

Jumapili, 21 Machi
Bibi yuko kwa mama yangu, kwenye mgongo wa kilima cha pili. Kila siku ananiuliza kama kwake kumeshuka. Nasema bado. Anaguna, kama mtu aliyedanganywa. Bwana Mawe amerudi mjini na makopo yake ya udongo.
Leo baada ya misa nimemkuta bibi amechuchumaa karibu na mlango wa mama, anapanda mchicha. Nikamletea maji.