Kilichokuwa Kikiziba Choo

Shoga, uko? Nimejifungia chumbani, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unajua choo chetu kinavyoziba kila wiki? Na mama mkwe anavyonisema eti natupa karatasi humo?

Leo fundi ameking'oa choo chote. Kaingiza mkono, katoa mifupa ya kuku. Mifupa, shoga! Akaipanga sakafuni mmoja mmoja.

Mume wangu akamgeukia mama yake, ambaye daktari kamkataza nyama tangu mwaka jana. "Mama, hii ni yako?"

MIFUPA. Mimi nimeng'ata kanga nisicheke.

Mama mkwe akavaa miwani, akainama, akaikagua taratibu, macho makavu.

"Hiyo shingo si yangu. Mimi nakula mapaja tu."