Kaburi Nililolionyesha kwa Kidole

Baba mdogo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuamkia kila kaburi kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba. Basi nakuamkia.

Tangu tukuzike nimefunga studio yetu hapa Mbinga. Watu wanagonga, wanataka picha za pasipoti, nami najibanza ndani kama mwizi. Kamera nilikuwa siwezi hata kuigusa, mpaka jana.

Unakumbuka tulivyoteremka Lituhi kupiga picha makaburi ya ufukweni, ziwa lilipoanza kumega mchanga? Ulitaka ndugu waliohamia mbali wabaki na picha, na nyuma ya kila picha uliandika habari za marehemu: huyu alifuma nyavu, yule alizalisha nusu ya kijiji. Na mimi ulikuwa ukinikaripia, "We mtoto, usipige kaburi peke yake! Lipige na jirani zake, mti au jiwe. Maiti hahami, msalaba unahama."

Kaburi la mama yako, Bibi yangu, uliniachia mimi. Jua kali, njaa inaniuma, nikasogea karibu nikapiga msalaba na jina tu. Ilitoka picha nzuri mno. Ukaniuliza, "Umepiga na jirani?" Nikasema ndiyo.

Uongo mtupu, Baba.

Maji yakapanda, yakazoa misalaba yote, yakarudi. Na wewe, pale kitandani, ombi lako la mwisho likawa moja tu: ulazwe ubavuni kwa mama yako. Ukoo mzima ukasimama kwenye mchanga mtupu. Shangazi akanishika bega, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyepiga. Tuonyeshe." Macho yote kwangu. Ee Mungu wangu! Nikanyoosha kidole. Wakachimba.

Jana nimerudi peke yangu. Nimekupiga picha na jirani zako wote: lile jiwe jeusi, kona ya kanisa, mkuyu uliokatwa tawi. Wewe hutapotea, naapa. Na Jumapili, misa ikiisha, nitamwambia Shangazi ukweli mbele ya watu wote. Wakinifukuza, nimeyataka mwenyewe.

Pumzika, Baba mdogo, kama unaweza. Nyuma ya picha yako nimeandika habari zako zote. Ila upande wa kushoto, palipopaswa kuwa na jina la Bibi, nimepaacha wazi. Uliyelala naye simjui.

Mwanao